Anayeongea Anapumua? Maswali Kuhusu Kifo Chini ya Goti la Polisi

Swali: Mtu aliyebanwa kifudifudi hufaje?
Jibu: Hewa huingia mbavu zikipanuka na kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kikishuka. Ukiwa kifudifudi, pingu mgongoni na mtu juu yako, mbavu hazina pa kupanukia. Tena umetoka kupambana: damu imejaa asidi, mwili unataka pumzi nyingi kuliko kawaida. Ukifurukuta kutafuta hewa, wanaokubana husema unakaidi, wakaongeza uzito.

Swali: Lakini George Floyd, Mmarekani aliyekufa akibanwa na polisi, alikuwa anaongea. Anayeongea si anapumua?
Jibu: Hapana. Narudia: hapana. Sauti hutosheka na hewa kidogo inayopita kooni, hata isipofika ndani ya mapafu oksijeni inapoingilia damuni. Floyd, huko Minneapolis, Marekani, tarehe 25 Mei 2020, alisema hawezi kupumua zaidi ya mara 20, kisha akanyamaza. Askari Derek Chauvin alimbana kwa goti dakika 9 na sekunde 29. Maneno hayo ni dalili ya hatari, si ubishi!

Swali: Si alikuwa na dawa za kulevya na moyo mbovu?
Jibu: Vyote vilikuwepo, na daktari mchunguzi wa maiti, Andrew Baker, aliviandika kuwa vimechangia. Chanzo alichoandika ni moyo na mapafu kusimama wakati wa kudhibitiwa na kubanwa shingo. Fentanili, dawa kali ya kulevya iliyokutwa mwilini mwake, inapoua, mtu husinzia na pumzi huwa chache. Bingwa wa mapafu Martin Tobin alihesabu kwenye video pumzi 22 kwa dakika. Huyo si mtu anayesinzia.

Swali: Daktari akiandika "kauawa", askari ana hatia?
Jibu: Bado. Kwa daktari, maana yake kifo kimetokana na kitendo cha mtu mwingine; hatia huamuliwa mahakamani. Huko Minnesota, jimbo lenye Minneapolis, goti halikulazimika kuwa chanzo pekee, ilitosha kuwa sababu kubwa. Derek Chauvin alitiwa hatiani Aprili 2021, akahukumiwa miaka 22 na nusu.

Swali: Basi afanyiwe nini?
Jibu: Pingu zikishafungwa, mgeuze ubavu au mkalishe. Papo hapo, hata kama bado anaongea, hata kama anatukana. Wizara ya Sheria ya Marekani iliwaonya polisi hivyo tangu 1995. Akinyamaza, usiseme "ametulia". Angalia pumzi na mapigo ya shingoni kwa sekunde zisizozidi 10. Vikikosekana, mlaze chali ukandamize kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, huku mwenzako akiita ambulansi. Kwa Floyd, askari mmoja aliuliza kama wamgeuze ubavu. Mwingine alipima mapigo, akayakosa. Goti lilibaki palepale.