Je, wajua kwa nini bingwa wa kuogelea chali alijificha chini ya maji?

Fainali ya mita 100 mtindo wa mgongo kwa wanaume, Olimpiki ya Seoul, tarehe 24 Septemba 1988. Ishara inalia, waogeleaji wanane wanajirusha kinyumenyume, kisha katika njia kadhaa za bwawa haonekani mtu. Mara ya kwanza nilipoitazama kwenye simu nilirudisha nyuma, nikidhani video imeruka. Karibu na mita ya 30 ndipo kinapochomoza kichwa cha Mjapani Daichi Suzuki, karibu theluthi moja ya safari ikiwa imeshakwisha.

Ajabu ni kwamba huu ndio mtindo pekee ambao uso hukaa hewani wakati wote. Mtu amelala chali, anaweza kuvuta pumzi atakavyo. Sasa azame kwa nini?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu, na nililitoa kwa kujiamini mbele za watu. Nilisema ni ule msukumo wa ukuta tu: mtu anajifyatua kama mshale, anateleza mpaka nguvu iishe, kisha anapanda juu kwenye wepesi. Juu lazima kuwe kwepesi, nikaongeza, kwa sababu sehemu ya mwili iko hewani, na hewa haina ubishi kama maji.

Maelezo hayo yana mantiki, ila si kweli. Msukumo wa ukuta ni mkali lakini hufifia baada ya mita chache. Haumfikishi mtu mita ya 30. Na hiyo sehemu iliyo hewani ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mtu anayeogelea chali haelei kama kizibo. Mtazame kwa ubavu: kinachobaki nje ni uso, kifua kidogo na mkono unaopita. Mwili karibu wote umo majini vilevile, kwa hiyo anachookoa ni kidogo. Anacholipa kwa kukaa pale maji yanapokutana na hewa ndicho kikubwa, na malipo hayo ni mawimbi.

Waliokulia pwani wameshaliona jambo hili bila kulipa jina. Chombo kikienda, maji hujikusanya mbele ya omo yakawa kilima. Kadiri kasi inavyoongezeka, wimbi hilo hurefuka, mpaka hufika mahali urefu wake unalingana na urefu wa chombo. Ukizidi hapo, omo imekaa juu ya kilima, tezi imezama bondeni. Kuanzia hapo chombo kinapanda mlima kilioujenga chenyewe, na mlima nao unasonga mbele pamoja nacho. Ongeza nguvu utakavyo, sehemu kubwa inaishia kuukuza mlima. Ndiyo maana chombo kifupi hupata tabu kukifukuza kirefu.

Wajenzi wa vyombo wana hesabu yake ya haraka: chukua urefu wa chombo majini kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.25, upate kasi ya mita kwa sekunde. Mpe muogeleaji urefu wa mita 2, utapata takriban 1.77. Anayemaliza mita 100 kwa sekunde 55 ana wastani wa 1.82. Yaani kichwa chake kinagonga dari. Hesabu hii isichukuliwe kama kipimo kamili, maana mwili hupinda na jahazi halipindi, na wastani huo umeingiza pia mita alizokwenda chini ya maji. Inaonyesha ukubwa wa tatizo, basi.

Ukitaka kuliona nyumbani, jaza chupa ya plastiki maji hadi juu, ilaze kwenye beseni pana, uivute upesi karibu na uso wa maji. Maji yatainuka mbele yake na pengine yatakulowesha. Kisha ivute kwa kasi ileile karibu na kitako cha beseni. Uso wa maji unatulia zaidi. Kuinua maji ni kazi, kama kubeba ndoo. Anayeogelea juu anabeba ndoo ambazo hakutumwa.

Kwa hiyo Suzuki alishuka kiasi, akanyoosha mikono nyuma ya kichwa, akapiga teke la pomboo, miguu yote miwili kwa pamoja, wimbi likianzia kiwiliwili. Si kwamba chini ni bora kwa kila mtu. Mwenye teke dhaifu atapoteza kasi na pumzi bure, na anayezama mno ana kazi ya kupanda tena.

Katika mchujo, Mmarekani David Berkoff alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya 54.51 kwa mbinu hiyohiyo. Kwa fainali, Suzuki na kocha wake wakabadilisha mpango: mateke kutoka 21 hadi 27, umbali chini ya maji kutoka mita 25 hadi 30. Alishinda kwa 55.05. Berkoff alipata 55.18, Igor Polyansky wa Umoja wa Kisovieti 55.20. Wote watatu ungewafunika kwa kitambaa kimoja. Suzuki baadaye akawa rais wa shirikisho la kuogelea la Japani, na mwaka 2015 mkuu wa kwanza wa Wakala wa Michezo wa nchi hiyo.

Shirikisho la kimataifa halikukawia. Liliweka kikomo cha mita 10, kisha mwaka 1991 likakisogeza hadi 15: kichwa kiwe kimetoka nje kabla ya hapo. Waogeleaji wa mtindo wa kipepeo walifikiwa na kanuni hiyo mwaka 1998.

Mwaka 2011, Mmarekani Hill Taylor aliogelea mita 50 za mgongo chini ya maji kwa sekunde 23.10, huku rekodi ya dunia ikiwa 24.04. Waamuzi walimwondoa mashindanoni, na rekodi ikabaki kwa Muingereza Liam Tancock, aliyekuwa ametoa kichwa nje mapema.