Seneta asipotetea kiti: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia Kenya, hutokea seneta akatangaza kwamba hatatetea kiti chake, na kabla ya jua kutua kila mtu huwa ameshampa sababu. Ameogopa debe. Ameahidiwa kitu. Pesa zimemwishia. Sababu hizi husemwa kwa uhakika mkubwa na watu ambao hawajafungua Katiba wala kutazama kalenda ya Tume ya Uchaguzi, na ubaya wake ni kwamba hutufanya tumjadili mtu mmoja na roho yake badala ya kujadili kiti anachokiacha. Kiti hicho ni chetu.

Nitatumia zaidi kisa cha Profesa Kithure Kindiki, aliyekuwa seneta wa Tharaka-Nithi tangu 2013 hadi 2022, kwa sababu kilizungumzwa sana na bado kinasimuliwa kombo.

“Aliacha Seneti kwa hasira ya kunyimwa umgombea mwenza”

Wanaosema hivi wanakumbuka mambo mawili ya Mei 2022. Jumapili ya Mei 15, William Ruto, aliyekuwa akiwania urais, alimtaja Rigathi Gachagua kuwa mgombea mwenza wake, yaani wa unaibu rais. Kindiki, ambaye jina lake lilivuma hadi saa za mwisho, akatangaza baada ya hapo kwamba anapumzika siasa. Ukiyaunganisha mawili hayo unapata hadithi iliyonyooka: kakosa kikubwa, kasusa hata alichokuwa nacho.

Kalenda inaikataa hadithi hiyo. Chama cha Ruto, UDA, kilifanya mchujo wake Aprili 14, na vyama vyote vilitakiwa viwe vimemaliza michujo na kuipelekea Tume majina ya waliopata tiketi kabla mwezi huo haujaisha. Mei 15 ilipofika, tiketi ya UDA ya useneta Tharaka-Nithi haikuwa ya kugombaniwa tena. Aliyeipeperusha bendera hiyo na kushinda Agosti 9 ni Mwenda Gataya. Uamuzi wa Kindiki wa kutotetea kiti ulitangulia, basi. Alichotangaza Mei ni kwamba, baada ya nafasi ya mgombea mwenza kumponyoka, hangekuwa kwenye karatasi yoyote ya kura mwaka huo.

Tofauti hiyo si ndogo. Mtu anayeacha kiti kabla ya kujua kama atapata kilicho juu yake hajasusa. Amecheza karata ambayo ingeweza kumwacha mikono mitupu, na mwezi huo ilimwacha mikono mitupu kweli.

Na ukitafuta mahali Seneti ilipomuumiza Kindiki, rudi nyuma hadi 2020. Mei 22 mwaka huo maseneta 54 walipiga kura ya kumwondoa kwenye unaibu spika, saba tu wakapinga. Siku kumi na moja kabla, Kipchumba Murkomen alikuwa ameondolewa kwenye ukiongozi wa wengi, yaani kuongoza maseneta wa upande wenye viti vingi. Wote wawili walikuwa upande wa Ruto katika mvutano wa ndani ya Jubilee, chama tawala cha wakati huo. Kindiki hakupoteza useneta siku ile. Alibaki kuwa seneta wa kawaida kwa miaka miwili zaidi, katika jumba ambalo aliwahi kuwa kiongozi wa wengi muhula wote wa kwanza.

“Mihula miwili ilikuwa imemwishia”

Hapana. Mihula miwili ni kikomo cha rais na gavana. Seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wadi hawana kikomo. Moses Wetang'ula alichaguliwa seneta wa Bungoma 2013, 2017 na 2022. Murkomen naye alichaguliwa mara tatu Elgeyo-Marakwet. Kindiki angeweza kurudi kwa wapiga kura wake mara nyingi atakavyo, na seneta akikwambia sheria ndiyo inayomzuia, anakuficha sababu yake halisi.

“Akishatangaza, kiti kiko wazi”

Tamko la kwenye maikrofoni halina nguvu yoyote kisheria. Muhula wa Bunge humalizika siku ya uchaguzi mkuu unaofuata, na hadi siku hiyo seneta ni seneta: anahudhuria vikao, anapiga kura, analipwa mshahara. Kinachohesabika kwa Tume ni karatasi za uteuzi, ambazo mwaka 2022 zilipokewa kati ya Mei 29 na Juni 7. Aliyetangaza kuondoka akabadili nia kabla ya milango ya uteuzi kufungwa hajavunja sheria, almradi awe na tiketi au amejisajili mapema kama mgombea huru.

Wengi huchanganya jambo hili na lile sharti la kujiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi. Sharti hilo linawahusu maafisa wa umma kama mawaziri na makatibu. Wabunge na maseneta wamesamehewa. Ndiyo maana unaweza kumwona seneta akizunguka kaunti nzima akiomba ugavana huku gari lake bado lina nembo ya Bunge.

“Asiyegombea ameshastaafu”

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, na ndipo pa kutulia kidogo.

Katiba ya 2010 ilitenganisha Bunge na Baraza la Mawaziri. Waziri hawezi kuwa mbunge wala seneta. Zamani, kiti cha ubunge kilikuwa mlango wa kuingilia wizarani. Leo, mwenye kiti akiteuliwa waziri ni lazima akiachie, na wapiga kura warudi foleni. Tazama yaliyotokea baada ya Agosti 2022. Murkomen alishinda useneta, akateuliwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi, na Elgeyo-Marakwet ikafanya uchaguzi mdogo Januari 5, 2023, akashinda William Kisang. Wetang'ula alishinda Bungoma, mwezi mmoja baadaye akachaguliwa Spika wa Bunge la Taifa, na Bungoma ikafanya uchaguzi mdogo Desemba 8. Watu waliopanga mstari Agosti kumchagua mtu fulani walijikuta wakiupanga tena kabla miezi mitano haijapita, na gharama yote ikabebwa na mlipa kodi.

Kindiki aliteuliwa Waziri wa Usalama wa Ndani na kuapishwa Oktoba 27, 2022. Tharaka-Nithi haikufanya uchaguzi mdogo wowote. Seneta wao alikuwa ofisini tangu Septemba, akiendelea na kazi. Kwa hesabu ya mwananchi wa Chuka au Marimanti, aliyekaa nje ya debe aliwasumbua kidogo kuliko angeshinda kisha akaondoka. Nalisema hili bila kumpigia debe: sisemi aliacha kiti kwa kuwahurumia. Nasema matokeo yalikuwa hayo.

Kisa cha Amason Kingi kinashangaza zaidi. Alikuwa amemaliza mihula yake miwili ya ugavana Kilifi, na Agosti 2022 hakugombea kiti chochote. Njia rahisi kwa gavana aliyemaliza muda ni kuomba useneta, na wengi Pwani waliona ameachwa na gari. Septemba 8, 2022 akachaguliwa Spika wa Seneti. Spika haruhusiwi kuwa seneta. Anatakiwa tu awe na sifa za kugombea, na maseneta wampigie kura. Mtu ambaye hakuomba kura moja ya useneta ndiye akaketi mbele ya waliozunguka vijiji na vijiji wakiziomba.

Halafu yakaja ya 2024. Oktoba 17 Seneti ilimwondoa Gachagua mamlakani kama Naibu Rais. Kesho yake Rais Ruto akampendekeza Kindiki, Bunge la Taifa likampitisha kwa kura 236 bila anayepinga, na baada ya mvutano mahakamani akaapishwa Novemba 1. Jumba aliloliacha ndilo lililotoa uamuzi uliomfungulia nafasi aliyoikosa 2022. Hakuna aliyeweza kuliona hilo mapema, wala yeye. Wanaodai kwamba yote yalipangwa tangu awali wanampa mwanasiasa uwezo wa utabiri ambao hakuna binadamu aliye nao.

Lakini msisahau upande wa pili. Hassan Omar aliacha useneta wa Mombasa 2017 akawania ugavana, akashindwa na Hassan Joho. Mwaka 2022 akajaribu tena ugavana, akashindwa na Abdulswamad Nassir. Kuacha kiti hakuna dhamana, na kila aliyefanikiwa tunamtaja sana kwa sababu waliopotea njiani tumeshawasahau.

“Anayemwachia mwenzake kiti humwachia na kura”

Vyama hupenda kugawana viti: wewe chukua ugavana, mimi useneta, yule abaki ubunge. Nairobi ya 2022 ilionyesha jinsi mpigakura anavyoyatazama makubaliano hayo. Seneta Johnson Sakaja aliacha useneta akawania ugavana kwa tiketi ya UDA. Askofu Margaret Wanjiru, aliyekuwa akiutaka ugavana huohuo ndani ya UDA, akamwachia, yeye akaelekezwa kwenye useneta. Kwenye karatasi mpango ulipendeza.

Siku ya kura, mtu wa Nairobi alikabidhiwa karatasi sita. Kwenye ile ya buluu, ya ugavana, waliomchagua Sakaja walikuwa wengi. Kwenye ile ya njano, ya useneta, walimchagua Edwin Sifuna wa ODM, chama cha mrengo ulioshindwa ugavana. Kituo kimoja, foleni moja, siku moja, majibu mawili. Nakuru mambo yalikwenda tofauti: Susan Kihika alitoka useneta akawa gavana, na Tabitha Karanja wa chama hichohicho akachukua useneta. Chama kinaweza kumpangia mgombea nafasi, lakini kura ya njano humfuata anayeiomba na kupewa, hairithiwi.

“Seneti ni jumba la mapumziko, hata akiondoka hakuna hasara”

Dhana hii inaniudhi kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wapige kura ya useneta bila kufikiri.

Ni kweli seneta hana hazina ya maendeleo ya kujengea madarasa kama mbunge, wala bajeti kama gavana. Ukimtafuta kwenye vibao vya miradi kijijini hutamwona. Ndiyo maana wengi wao huuacha useneta na kuukimbilia ugavana: kule kuna fedha na kuna watu wa kuajiri. James Orengo wa Siaya, Mutula Kilonzo Junior wa Makueni na Irungu Kang'ata wa Murang'a walifanya hivyo mwaka 2022, na wote watatu wakashinda.

Kazi ya seneta iko kwingine. Seneti ina wanachama 67 mbali na Spika, na 47 kati yao ndio waliochaguliwa, mmoja kila kaunti. Naibu rais anaposhtakiwa mbele yao, kila seneta hupiga kura yake mwenyewe. Lakini miswada inayohusu kaunti hupigiwa kura na wajumbe wa kaunti. Kaunti moja, kura moja. Maseneta wote waliosajiliwa kupiga kura kaunti fulani, pamoja na wale maalumu walioteuliwa na vyama, ni ujumbe mmoja, na kiongozi wake ni yule aliyechaguliwa na wananchi. Anashauriana na wenzake, kisha kaunti inaitwa, na yeye anajibu ndiyo au hapana. Hoja hupita ikipata kaunti 24. Lamu yenye watu wachache ina kura sawa na Nairobi.

Uzito wa kura hiyo ulionekana 2020, Seneti ilipobishania mfumo wa kugawa fedha za kaunti. Mfumo uliopendekezwa uliipa idadi ya watu uzito zaidi, na kaunti kubwa kwa ardhi lakini zenye watu waliotawanyika, kama Wajir, Mandera, Marsabit na Tana River, zilikuwa zipunguziwe mabilioni. Kikao baada ya kikao kiliisha bila kuafikiana. Agosti 17, siku ya kupiga kura, polisi waliwakamata maseneta watatu: Cleophas Malala wa Kakamega, Steve Lelegwe wa Samburu na Christopher Lang'at wa Bomet. Serikali haikamati watu asubuhi ya kikao ikiwa kura zao hazina maana. Mwezi uliofuata yakapatikana maelewano: mgao wa kaunti uongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370 katika mwaka wa fedha uliofuata, ili pasiwe na kaunti itakayopunguziwa.

Fedha hizo ndizo zinazonunua dawa za zahanati na kulipa wauguzi wa kaunti. Zililindwa na maseneta waliozijua kanuni za jumba lao na kukataa kuyumbishwa. Seneta mwenye uzoefu anapoondoka, kura hiyo moja ya kaunti hupita kwa mtu mwingine, na Tharaka-Nithi mwaka 2022 ilimpata anayeingia Seneti kwa mara ya kwanza.

Uchaguzi ujao umepangwa Agosti 10, 2027, na tayari kuna maseneta wanaoutolea macho ugavana. Kaunti zao zisimalize nguvu zote kubishana kwa nini fulani anaondoka. Wanaokitaka kiti chake waulizwe mbele ya watu wanaujua vipi mfumo wa mgao, kaunti yao inapata kiasi gani, na mapendekezo ya kuugeuza yakirudi mezani watasema ndiyo au hapana.