Mawingu si sababu ya kuahirisha safari ya kupiga picha msituni

Ujumbe huingia usiku wa kuamkia safari, na maneno ni yale yale kila msimu: "Kumefunga, tuahirishe mpaka jua litoke." Marafiki wameshajipanga, betri zimejaa chaji, halafu safari inavunjwa kwa sababu ya hali ya hewa ambayo mpiga picha wa msitu wa mlimani anaiombea.

Dhana: jua likiwaka ndipo picha za msitu hutoka vizuri

Kwenye uwanda wazi, jua la asubuhi lina faida yake. Chini ya miti minene mambo ni mengine. Katika msitu mnene wa tropiki, mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya ule ulioko juu ya vilele. Sasa jua likipenya kwenye upenyo mmoja na kuliangukia jani la kangaga, jani hilo linapata mwanga mara 50 hadi 100 kuliko lile lililo kivulini pembeni yake. Hizo ni stopu 6 hivi za tofauti (kila stopu ni mwanga kuongezeka mara mbili), na bado hujahesabu kwamba gome ni jeusi na jani changa linang'aa. Ukiipimisha kamera mwanga wa jani, shina linageuka jeusi tii. Ukipimia shina, jani linaungua kuwa doa jeupe, na doa lililoungua halina chochote ndani yake, hivyo hakuna programu itakayolirudisha. Msiseme "nitarekebisha kwenye kompyuta". Hakitakuwepo cha kurekebisha.

Rangi nayo inavurugika. Mwanga wa jua la moja kwa moja una umanjano; ule wa kivulini umechujwa na majani, kwa hiyo una ukijani. Fremu moja inakuwa na mianga miwili, na huwezi kuisawazisha yote kwa mpangilio mmoja wa rangi. Ndiyo maana picha za marafiki chini ya miti zinatoka na mabaka usoni, shavu moja jeupe kupindukia na lingine la kijani.

Mawingu hulimaliza tatizo hili lote. Anga nzima inakuwa taa moja pana, vivuli vinalainika, na ndevu za kuvumwani kwenye matawi zinaonekana uzi kwa uzi. Kuna sharti moja tu: anga jeupe lisiingie kwenye fremu. Hata kipande kidogo kati ya matawi kinavuta jicho. Inamisha kamera, au sogea mpaka shina lizibe pengo.

Majani yakilowa hung'aa weupe unaofunika rangi yake, na hapo kichujio cha polaraiza ndicho kifaa cha kwanza kutoka mkobani. Wengi hudhani kazi yake ni kukoleza anga la buluu tu. Kizungushe polepole huku ukitazama jani moja. Weupe utafifia na kijani kitajitokeza. Kinakula stopu 1.5 hadi 2, basi zihesabu mapema.

Ukungu una kosa lake, na karibu kila mgeni hulifanya. Kamera ikiona weupe mwingi huupunguza uwe kijivu, kwa hiyo picha inatoka chafu. Ongeza mwanga kwa stopu +0.7 hadi +1.3, kisha angalia histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera: mlima wake uegemee kulia bila kugusa ukingo. Tafuta shina jeusi lililo mita 5 hadi 10 mbele yako, la sivyo picha nzima inakuwa uji. Fokasi ikihangaika, ilenge kwenye ukingo wa shina hilo, mahali weusi unapokutana na weupe, au izungushe kwa mkono.

Na wale wanaotaka miale ya jua ikishuka kati ya miti wajue hivi: miale huonekana jua linapoingia wakati ukungu bado haujaisha. Ni jambo la dakika chache. Aliyebaki kitandani kwa sababu kulikuwa na ukungu ameikosa miale hiyo hiyo aliyokuwa akiingojea.

Vipo vya kuahirishia safari. Upepo mkali ni kimoja, maana matawi makavu huanguka bila onyo. Kijito kilichofurika ni kingine. Cha tatu ni radi: kati ya mmweko na ngurumo zikipita chini ya sekunde 30, ingieni kwenye gari au jengo na mkae humo mpaka ipite nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Manyunyu hayamo katika orodha hiyo. Kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye lastiki, inaitosha kamera vizuri kabisa. Beba vitambaa vitatu vya kufutia lenzi, kimoja kibaki kikavu ndani ya mfuko, na futa kioo kabla ya kila picha, hata ukiona hakina tone.

Dhana: ISO isizidi 100

ISO ni kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Chini ya miti, siku ya mawingu, tundu la lenzi la f/5.6 na ISO 100 mara nyingi hukupa kasi ya shata ya 1/4 ya sekunde. Hakuna jani linalotulia muda huo wote. Panda ISO 3200 upate takriban 1/125. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa zinapunguzwa baadaye kwenye kompyuta. Jani lililotikisika halinyooshwi. ISO 100 ni ya stendi ya miguu mitatu na maji ya kijito, kati ya 1/4 na sekunde 1. Na tafadhali, kitulizaji cha ndani ya lenzi hutuliza mkono wako tu. Hakitulizi upepo.

Dhana: msitu ni mkubwa, kwa hiyo unataka lenzi pana

Lenzi pana hukusanya kila kijiti. Ya kuvuta, ya milimita 70–200, inakuwezesha kuchagua mashina matatu na kuacha vurugu.

Dhana: kamera iliyopoa ipelekwe haraka kwenye gari lenye joto

Joto la hewa hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na kamera hupoa pamoja nayo. Ndani ya gari lenye watu wanne waliolowa, hewa imejaa mvuke, na mvuke huo unageuka kuwa matone kwenye kioo baridi, hata ndani ya lenzi. Itie kamera kwenye mfuko wa plastiki na uufunge ukiwa bado nje, usiufungue mpaka kamera ipate joto. Mara nyingi ni saa nzima. Toa kadi ya picha kabla ya kufunga kama una haraka ya kuziona. Betri "iliyokufa" kwa baridi iweke mfuko wa ndani wa shati. Mara nyingi huzinduka.

Dhana: tukiwa wengi tutapata picha nyingi

Kumi kwenye njia nyembamba: wa kwanza anamwona mnyama, wa tatu anauona mkia, waliobaki wanapigana picha migongo. Wanne wanatosha. Gawanyikeni wawili wawili, kila jozi iwe na filimbi na saa ya kukutana, na mpangilie mwendo kwa anayechelewa kuliko wote. Ndani ya msitu giza hutangulia machweo, kwa hiyo mwe mmeshatoka saa moja kabla.

Dhana: kumchezea ndege sauti ya mwenzake kwenye simu hakumdhuru

Kunamdhuru. Anadhani amevamiwa, anaacha kiota au chakula na kuja kulinda eneo lake, na hifadhi nyingi hukataza kabisa. Tafuteni mti wenye matunda, zimeni mlio wa shata, kaeni chini dakika 20 bila kuongea. Ndege watakuja wenyewe.