Je, wajua? Roka inasukuma valvu chini, ila stadi yake inachomoka kwenda juu

Swali lenyewe fupi. Kuna zile injini ndogo za V8 (silinda nane) za Chevrolet zilizoanza kutoka Marekani mwaka 1955, stadi za roka (nguzo fupi za chuma zinazoshika roka, vile vipande vinavyofungua valvu za injini) kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, hazikufungwa kwa hesi (meno ya kukaza), zimegongelewa tu kwa kubana kwenye tundu kama msumari, na baada ya muda baadhi zinaanza kupanda zenyewe mpaka fundi anazing'oa, anakata hesi kwenye tundu na kufunga stadi nyingine za kukaza. Kwa nini zinapanda?

Mimi jibu langu la kwanza, tena nililitoa kwa kujiamini kabisa, lilikuwa kwamba haiwezekani. Roka kazi yake si kusukuma valvu chini? Sasa kama inasukuma chini basi na stadi inakandamizwa chini, kwa hiyo hata ungeichomeka tu kwa mkono ingekaa. Kama kuna kelele pale juu basi nati imelegea, kaza nati, maliza. Nimekuja kugundua watu wengi wanaamini hivyo hivyo, na ukiangalia roka ikicheza ni rahisi kuelewa kwa nini, macho yanafuata ile ncha inayogonga valvu, hakuna anayeangalia katikati.

Egemeo liko katikati, pale kwenye stadi. Roka haisukumi kitu kwa nguvu zake, yenyewe ni kipande cha bati nene kilichokunjwa. Kemshafti (shafti yenye nundu) inainua pushirodi (fito ya chuma), pushirodi inasukuma ncha moja ya roka KWENDA JUU. Ncha ya pili inataka kushuka, springi ya valvu inakataa, nayo inaisukuma hiyo ncha KWENDA JUU. Yaani ncha zote mbili zinasukumwa juu kwa wakati mmoja, na kinachoizuia roka isiruke ikagonga kava ni nati tu iliyo juu ya stadi. Nati inavutwa juu, stadi inavutwa nayo. Hakuna hata nukta moja ambapo stadi inakandamizwa chini, hapo ndipo nilipopotea mimi.

Kiasi gani inavutwa? Hapa fikiria mzegazega, yule jamaa wa maji mwenye mti begani na ndoo mbili huku na huku. Kila ndoo ikiwa kilo 20, bega linabeba 40, hilo halina ubishi, bega halichagui ndoo moja. Sasa mti ukae vibaya, upande mmoja uwe mrefu mara moja na nusu kuliko wa pili. Ili usiinuke upande mmoja, ndoo ya upande mfupi lazima iwe nzito, 30 kwa 20. Bega sasa lina 50. Roka za injini hizi zimetengenezwa hivyo hivyo, upande wa valvu ni mrefu mara 1.5 kuliko upande wa pushirodi, ili kemshafti ikiinua kidogo valvu ifunguke zaidi. Kwa hiyo springi ikisukuma kilo 100, pushirodi inasukuma 150, na stadi, ambayo ndiyo bega, inavutwa kwa kilo 250. Geuza tu picha juu chini, ndoo ziwe zinavuta kwenda mbinguni. Mara mbili na nusu ya nguvu ya springi, kila valvu inapofunguka, na hapo sijaweka uzito wa vyuma vyenyewe vinavyorushwa, injini ikikimbia kasi inaongezeka nyingine. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika kila valvu inafunguka mara 2,500, maana inafunguka mara moja kila mizunguko miwili, kama mara 42 kwa sekunde.

Stadi ya kubana inashikwa na msuguano peke yake, kama mpini kwenye jembe. Jembe likikaa vizuri unalima miaka, ila lichezeshe kila siku kwa kulivuta, siku moja linachomoka kwenye mpini. Springi za kiwandani hazina shida sana, kuna injini zimezeeka na stadi zake zimo, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba lazima zitoke. Tatizo linakuja ukifunga kemshafti kali (inayofungua valvu zaidi) na springi ngumu za kuifaa, hapo mzigo wa bega unapanda mara 2.5 ya ulichoongeza wewe. Ni springi ngumu kiasi gani ndiyo hatari? Hakuna namba moja, inategemea tundu lile lilitobolewa kwa kubana kiasi gani na hedi imeshapitia mikono mingapi.

Dalili inachekesha kidogo. Inagonga tak tak, unafungua kava, unakaza nati, inatulia, wiki mbili inarudi. Unanunua nati mpya, inarudi. Angalia hesi zinazochungulia juu ya nati: nati ikiwa ndiyo inayolegea, yenyewe inapanda kwenye stadi na hesi zinazoonekana juu yake zinapungua. Stadi ikiwa ndiyo inayopanda, hesi zinabaki vile vile, na kila ukikaza zinazidi kuonekana. Au laza rula ya chuma juu ya vichwa vya stadi zote, ile inayoinyanyua rula ndiyo mhalifu.

Kung'oa hakuhitaji mtambo. Unapanga washa nene (zile pete za chuma) kwenye stadi, unaweka nati juu, unakaza, stadi inakuja yenyewe ikilia kriii, kama kizibo. Na hapa kuna kitu kilichonifurahisha kuliko vyote: tundu linalobaki la stadi ya inchi 3/8 karibu ni lile lile linalotakiwa kwa tapu (kifaa cha kukata hesi ndani ya tundu) ya inchi 7/16 yenye meno 14 kwa inchi. Hutoboi upya! Hesi inatoka na kina cha kama 70% ya hesi kamili badala ya 75% ya kwenye vitabu, tofauti ambayo stadi haitaisikia. Juu stadi mpya inabaki 3/8, kwa hiyo roka na nati za zamani zinarudi pale pale.

Kinachoharibu kazi ni tapu kwenda upande. Ukishika kwa mkono tu itapinda, stadi itapinda, roka itakaa kombo kwenye ncha ya valvu, ndiyo maana wanatumia kiongozi kilichofungwa kwenye hedi au wanapeleka kwa mashine. Chuma cha kusubu cha hedi kinatoa unga badala ya nyuzi ndefu, kinakatika kirahisi, ila huo unga utoe wote, ni msasa huo. Stadi zenye kola ya pembe sita katikati zinahitaji pia sehemu ya kukalia ishushwe kama robo inchi, na zaidi ukiweka sahani za kuongoza pushirodi (ukiziweka hizo, pushirodi ziwe za chuma kilichokomazwa, laini zitasagika).

Na kwa nini Chevrolet hawakuweka hesi tangu mwanzo? Bei na kasi. Injini nyingi za kabla ya hapo, na hata Land Rover zetu za zamani za petroli za 2.25, roka zote zinakaa kwenye shafti moja. Hawa wakaitupa shafti, kila roka ikapewa stadi yake, nyepesi na rahisi, na kugonga stadi ni haraka kuliko kukata hesi 16 kila injini. Hedi zao za mashindano baadaye zikaja na za hesi.

Kitu cha mwisho, kwenye baadhi ya hedi tundu la stadi ya upande wa kuvuta hewa linatokea ndani ya njia ya hewa yenyewe. Kwa hiyo hesi inapakwa gundi ya kuziba kabla ya kukaza, usipopaka injini inafyonza oili kupitia hapo na kutoa moshi wa bluu, na wewe utafungua pistoni ukitafuta ringi.