Mtandao unaokatika kwa kufuata maji

Shule ya kisiwani imefungiwa dishi linaloitazama bara. Jumatatu mtandao unazorota saa 4:00 asubuhi, Jumanne saa 4:50, Jumatano saa 5:40. Anga ni jeupe, betri imejaa, dishi halijasogea hata kidogo. Mvuvi yeyote anajua ni kitu gani kinachochelewa kwa dakika 50 hivi kila siku: ni maji.

Redio nyingi zinazovusha intaneti hadi visiwani hutumia masafa ya gigahezi 5. Katika gigahezi 5.8, wimbi moja la redio lina urefu wa sentimita 5.2. Wimbi hilo hufika ng'ambo kwa njia mbili: moja kwa moja hewani, na kwa kugonga bahari kisha kurudi juu. Kwa kuwa hugonga maji kwa pembe ndogo mno, chini ya nyuzi 0.2, hata bahari yenye mawimbi ya mita 1 huwa kioo kwake. Likigonga hugeuzwa kinyume, kilele chake kikawa bonde. Basi safari ya pili ikizidi ya kwanza kwa urefu wa wimbi moja kamili, mawili hayo hukutana na kufutana.

Chukua umbali wa kilomita 20, kila antena ikiwa mita 30 juu ya maji yaliyokupwa wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa zaidi. Ukishatoa mpindo wa dunia, hali hiyo ya kufutana hutokea maji yakipanda takribani mita 1.4. Bamvua la pwani yetu hukaribia mita 4, kwa hiyo maji hupita usawa huo yakijaa na tena yakipwa, mara 4 kwa siku. Wakati wa maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo, huweza kuwa vibaya zaidi, kwani maji yakizungukazunguka karibu na usawa huo, mtandao hulegea kwa saa nyingi mfululizo.

Hapo ndipo fedha za wanakijiji hupotea. Kamati hununua redio yenye nguvu zaidi, lakini nguvu ikiongezeka huongezeka kwa mawimbi yote mawili, na shimo la kufutana hubaki na kina kilekile. Kugeuza antena kutoka wima kwenda mlalo nako hakusaidii sana kwa pembe ndogo namna hiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walikumbana na tatizo hilihili kwenye mtandao wa Tegola, unaovuka maji ya bahari kaskazini-magharibi mwa Uskoti.

Kabla ya kununua chochote, rekodi kiwango cha mawimbi ya redio kila dakika 5 kwa siku 14, ili upate bamvua na maji mafu yote mawili. Kisha weka namba hizo kando ya jedwali la maji la bandari iliyo karibu, iwe Zanzibar, Mombasa au Lamu. Mawimbi yakishuka maji yakiwa usawa uleule, umempata mkosaji. Yakishuka saa ileile ya ukutani kila siku, tafuta umeme, joto au redio nyingine inayoingilia. Yakishuka mvua inaponyesha, fungua viungio vya waya, kwa sababu katika gigahezi 5 mvua yenyewe haipunguzi mengi. Maji yaliyoingia ndani ndiyo yanayoharibu.

Dawa ya kwanza ni dishi la pili kwenye mnara mmoja, lenye redio yake. Katika mfano wetu hufungwa mita 11 hivi chini ya la kwanza, ili moja likiwa shimoni jingine liwe kileleni, na ruta ichague lililo zima. Dawa ya pili, ambayo ni nafuu pale ardhi inaporuhusu, ni kuweka upande mmoja juu sana na mwingine chini. Mita 90 kwa mita 15 husogeza sehemu ya kugonga maji hadi kilomita 3 hivi kutoka upande wa chini. Rudisha mnara huo mfupi nyuma ya ufuko, ili mikoko au ukingo wa mwamba uzuie wimbi linalorudi kutoka majini huku njia ya moja kwa moja ikibaki wazi.

Urefu wa minara nao usikisiwe. Kwa kilomita 20, katikati ya njia mpindo wa dunia hula karibu mita 6, na mawimbi huhitaji nafasi tupu ya karibu mita 10. Jumla ni mita 16, na hizo hupimwa juu ya maji ya bamvua yaliyojaa, si juu ya mchanga, kisha uongeze mlingoti wa jahazi. Kwa kilomita 40 jumla hiyo hufika mita 37.

Bolti ziwe za chuma cha pua daraja la 316. La 304 hupata kutu upesi kwenye chumvi. Utepe wa kuzuia maji uzungushwe kuanzia chini kwenda juu, na waya uachiwe kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia kwenye kifaa. Vifaa vya wati 25 hula wati-saa 600 kwa siku. Kwa siku 3 za mawingu ya masika panga betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 200, na paneli ya wati 250.

Fundi akimaliza, asiondoke kabla ya kuibandikia kamati karatasi yenye urefu wa kila antena juu ya maji ya bamvua, na kiwango cha mawimbi ya redio maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa.