Chembe sahani 60 si "damu imepungua"

Jamani, tuachane na rosela. FBP (kipimo cha picha kamili ya damu) ya mgonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, ikirudi na chembe sahani 60 (yaani elfu 60 kwa mikrolita), kuanzia Masasi hadi Kilwa maneno ni yale yale: "Damu imepungua, anywe rosela, ale matembele." Himoglobini yake inaweza kuwa 12! Kilichopungua ni chembe za kuziba kidonda, na mara nyingi uboho unazitoa vizuri tu. Kingamwili zake mwenyewe zinazitia alama, kisha chembe hizo zinaishia kumezwa kwenye bandama. Rosela itafanya nini hapo?

Kwanza hakikisha namba ni ya kweli. EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande iliyo kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, huzifanya chembe za baadhi ya watu zishikane, na mashine haihesabu fungu. Paka slaidi, tazama mkiani. Ukikuta mafungu kama mayai ya chura, chukua damu upya kwenye chupa ya sitreti, kifuniko cha bluu, na jibu lizidishe kwa 1.1.

Halafu malaria. Inashusha chembe, kweli, lakini kipimo cha haraka huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mistari miwili si ruhusa ya kufunga faili. Tibu, rudia FBP baada ya wiki moja hadi mbili. Chembe zikigoma kupanda, rudi kwenye lupasi. Dengue, VVU, homa ya ini, uraka wa mabibo, dawa kama kotrimoksazoli na azathioprini: nazo zaweza kushusha chembe, zote zipitie.

Sasa kinachonikera. Kila mtu anaogopa kuvuja damu, ilhali kati ya 50 na 100 ni nadra mtu kuvuja hovyo. Hofu hiyo ianze chini ya 30; chini ya 10 ndiyo ya kukesha. Wagonjwa wa lupasi wenye chembe chache hufariki zaidi kuliko wenzao, ila wengi wao hawafi kwa kuvuja. Wanakufa kwa figo, ubongo, maambukizi na damu kuganda. Ile 60 ni wingu; mvua iko kwenye mkojo. Siku hiyo hiyo chovya kijiti utafute protini na damu, pima kreatinini (kipimo cha figo) na presha. Nimechoka kuona faili lenye FBP nne na mkojo haujapimwa hata mara moja.

"Chembe chache, damu yake haiwezi kuganda." Inaganda, tena vibaya. Kingamwili za fosfolipidi, ambazo baadhi ya wagonjwa wa lupasi wanazo, hushusha chembe na papo hapo huziba mishipa. Uliza: mguu mmoja uliwahi kuvimba? Kiharusi ujanani? Mimba ziliharibika baada ya wiki ya 10? Na chembe zikiwa chini ya 30, himoglobini inaporomoka, mtu anachanganyikiwa, slaidi ina chembe nyekundu zilizokatika vipande, usimtundikie chembe sahani kwa mazoea. Piga simu ya rufaa usiku huo.

Dawa: akivuja, au akiwa chini ya 30, prednisoloni, dawa ya steroidi. Juu ya 50 bila kuvuja, sianzi kwa ajili ya namba peke yake. Kati ya 30 na 50? Vitabu vimechora mpaka kama ukuta. Kwangu ni mstari wa chaki, maana steroidi nazo huleta sukari na kuamsha kifua kikuu. Haidroksiklorokwini, dawa ya malaria inayotibu pia lupasi, iendelee, isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku. Msimwachishe eti "hana malaria". Sindano ya diklofenaki ya maumivu hapana: itaacha uvimbe wa damu kwenye kalio, na figo zitalipa.

Msimu wa korosho wengi hushinda juani na kuruka kliniki, na jua huchokoza lupasi. Kwa hiyo namba za zamani ziandikwe kwenye daftari la mgonjwa mwenyewe. Kutoka 240 hadi 110 ndani ya mwezi kunanitisha kuliko 70 iliyokaa pale pale miaka mitatu.