Samaki hukunjwa, pweza ndiye hupigwa: dhana potofu kuhusu nidhamu ya watoto wa chekechea

Watazame watoto wa chekechea wakicheza shule. Anayekuwa mwalimu hafundishi a, e, i, o, u. Kwanza anatafuta kijiti. Kisha anawapanga wenzake mstari, anakunja uso na kuanza kazi: “Nyamaza! Lete mkono!” Mwaka wangu wa pili wa kufundisha darasa la awali hapa Tanga niliuona mchezo huo chini ya mwembe. “Mwalimu” alikuwa binti wa miaka minne, na kijiti alikishika kwa mkono wa kushoto. Yule mtoto hula, huchora na hurusha mpira kwa mkono wa kulia. Anayetumia kushoto pale shuleni ni mimi.

Tangu siku hiyo sijachapa tena. Ila kuacha fimbo ni kazi ndogo kuliko kujua ufanye nini baada ya kuiacha, na maneno ninayoambiwa na wazazi, walimu wenzangu na hata mama yangu mzazi ni yaleyale kila mwaka. Nayajibu hapa.

“Samaki mkunje angali mbichi, basi mchape angali mdogo.”

Methali haikusema chapa. Sisi wa pwani tunajua samaki mbichi anavyokunjwa: kwa mkono, taratibu, maana ukitia nguvu anakatika. Anayepigwa ili alainike ni pweza, naye hupigwa akiwa keshakufa.

Alichokuwa akikionyesha yule binti chini ya mwembe kiliwahi kupimwa. Mwaka 1961, katika chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake waliwaonyesha watoto wa miaka mitatu hadi sita mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kupuliziwa upepo. Watoto hao walipoachwa na mwanasesere yule, wengi walimpiga vilevile, kwa nyundo ileile na kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Mtoto wa umri huu hufunzwa na macho kabla ya masikio. Ukimchapa kwa sababu kampiga mwenzake, neno “usipige” linapita, mkono wako unabaki.

Mwaka 2016 watafiti Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti za miaka hamsini hivi zilizohusu watoto zaidi ya 160,000 waliopigwa makofi ya kawaida ya nyumbani, bila kuhesabu mateso. Kupigwa kulikwenda pamoja na ubishi zaidi na ugomvi zaidi. Utiifu wa kudumu, ambao ndio sababu tunayoitaja tunapoinua mkono, haukuonekana.

“Usipomchapa unamdekeza.”

Hii ndiyo inayowafunga wazazi wengi, na naielewa hofu yao. Mchelea mwana kulia hulia yeye, tumekua tukiisikia. Nao wapo wazazi waliosikia habari za malezi ya upole wakaacha kila kitu: mtoto anapiga, wanacheka; anadai simu mezani, anapewa ale kimya. Huko ni kulegea, na mtoto huteseka nako, kwa sababu hajui mpaka uko wapi.

Mwanasaikolojia Diana Baumrind, aliyewachunguza watoto wa chekechea huko Berkeley, Marekani, katika miaka ya 1960, aliwaona walezi wa aina tatu: wakali wasio na maelezo, walegevu wasio na mpaka, na wale wenye upendo na msimamo kwa pamoja. Watoto wa hao wa tatu ndio waliokuwa na kujiamini na kujimudu zaidi. Upole ninaousema ni wa kundi hili. Hapana yangu ya Jumatatu ni hapana ya Ijumaa, hata mtoto akilia, na sauti haipandi.

Chukua siku moja ya uji. Mtoto wa miaka minne kakasirika kwa kuwa kikombe chekundu amepewa mwenzake, kakisukuma chake, uji umetapakaa mezani na kwenye sare ya jirani. Zamani ningemchapa viganja viwili, kisha dada wa jikoni angefuta. Sasa nachuchumaa hadi macho yetu yalingane. “Umekasirika. Ulikitaka chekundu.” Nangoja kidogo, maana akiwa analia hivyo hasikii chochote. Kisha: “Uji haumwagwi. Tambara liko pale, njoo tufute.” Anafuta vibaya, anasambaza zaidi, nami namshika mkono tukafuta tena hadi meza inakauka. Halafu anamletea jirani maji ya kusafishia sare. Dakika kumi zimekwisha, na kikombe chekundu hakukipata. Hapo kuna kudekeza gani? Mtoto kabeba matokeo ya kosa lake mwanzo hadi mwisho. Akichapwa, deni lake linaisha kwa sekunde tano na uji anafuta mtu mwingine.

Na samahani je? Simlazimishi kuitamka papo hapo. Samahani ya kushikiwa shingo ni sauti tu. Maji ya kusafisha sare ni samahani ambayo mwenzake anaiona.

“Anafanya makusudi, ni mkorofi.”

Wakati mwingine ndiyo, anajaribu kuona utafanya nini. Mara nyingi zaidi hawezi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia na kungoja zamu, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa mtoto wa miaka mitatu ndiyo kwanza inaanza. Anayajua makatazo, anaweza hata kukuimbia, lakini mkono unamtangulia.

Kwa hiyo namwambia cha kufanya badala ya cha kuacha. “Usikimbie” inamwachia akilini neno kukimbia, “tembea” anaifanya. “Usimwage” nimeibadilisha kuwa “shika kwa mikono miwili.” Kabla ya kutoka kwenye bembea natangaza mapema: “Bembea mara tano, kisha tunanawa mikono,” tunahesabu pamoja, na ikifika tano ni tano. Asiyetaka kuvaa viatu namuuliza aanze na kipi, cha kulia au cha kushoto. Kuvaa hakuna mjadala, ila mlango wa kuingilia anachagua yeye.

Na kabla ya kumwita mtoto mtundu, uliza kama amekunywa chai na amelala saa ngapi. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13. Anayekesha na tamthilia pamoja na wakubwa hadi saa tano usiku, akaamshwa saa kumi na moja kuwahi gari la shule, atalia kwa kila kitu. Kumchapa kwa hilo ni kumwonea.

“Simpigi, namtisha tu.”

Polisi atakuchukua. Daktari atakuchoma sindano. Nitakuacha hapa. Vitisho hivi hufanya kazi mara tatu nne, kisha mtoto anagundua kuwa polisi haji, na neno lako limeshuka bei. Au hagundui hilo, naye anaogopa kwelikweli, halafu siku anaugua unashangaa anavyopiga kelele kwenye mlango wa zahanati. Kumwaibisha mbele ya wenzake, “mtazameni mkojozi,” ni jeraha la namna hiyohiyo.

“Dini imeamuru fimbo.”

Sizungumzi kama mwenye elimu ya dini, nasema tu yanayojulikana. Fimbo ya kitabu cha Mithali katika Biblia husomwa na Wakristo hao hao wanaosoma Zaburi ya 23, ambamo fimbo ya mchungaji inafariji. Kwa Waislamu, hadithi inayotajwa sana kuhusu sala inazungumzia kuamrisha akiwa na miaka 7, na kupiga hakutajwi hadi 10. Mwanafunzi wangu ana minne. Na Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume tangu utotoni kwa miaka kumi, alisimulia kwamba hakuwahi kuambiwa hata “ah.”

“Sheria inaruhusu.”

Kenya hairuhusu, Katiba ya 2010, ibara ya 29, imekataza adhabu ya viboko. Kwetu Tanzania Bara bado ipo, lakini waraka wa elimu wa 2002 umeibana: kosa kubwa, viboko visizidi vinne, mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kuandikwa kitabuni. Mwalimu anayechapa darasa zima kwa sababu ya kelele hana waraka wa kumlinda.

“Mtu mzima hamwombi mtoto msamaha, atamdharau.”

Wiki ile baada ya mchezo wa mwembeni niliwakalisha watoto mkekani nikawaambia: “Nilikuwa nawachapa. Nilikosea, samahani. Sitawachapa tena.” Walinyamaza. Yule binti akauliza, “Hata tukimwaga uji?” Nikamjibu hata mkimwaga uji, mtafuta. Akafikiri, kisha akataka kujua tambara linakaa wapi.